Hesabu zinapogoma: kusaka kosa katika thamani ya nafasi, kukaribisha, kujumlisha na kutoa

Mtoto anayeandika 532 − 178 = 446 hajabahatisha. Katika kila safu ametoa tarakimu ndogo kwenye kubwa, bila kujali ipi iko juu, na ukimpa hesabu nyingine kumi za namna hiyo atafanya vivyo hivyo mara kumi. Mwaka 1978 watafiti wa Marekani John Seely Brown na Richard Burton walionyesha kwamba makosa mengi ya wanafunzi katika kutoa yana utaratibu wa aina hii: mwanafunzi anayo kanuni, anaitii vizuri kabisa, ila kanuni yenyewe ina hitilafu. Ndiyo maana kumrundikia mazoezi mara nyingi hakusaidii. Mazoezi hukaza kile kilichopo, kiwe kizima au kibovu. Kwanza itafute kanuni anayoifuata.

Mwongozo huu umepangwa kwa dalili. Chini ya kila dalili, sababu inayoonekana mara nyingi ndiyo imetangulia, na ukaguzi mwepesi uko kabla ya tiba.

KABLA YA KUGUSA CHOCHOTE

Andaa karatasi ya miraba, penseli, njiti kama mia mbili hivi na mipira midogo ya kuzifungia. Njiti kumi hufanya kitita kimoja. Vitita kumi hufanya mzigo wa mia.

Kisha mpe mwanafunzi kipimo kifupi, dakika kumi zatosha:

1. Aandike kwa tarakimu unapomtajia: thelathini na nane; mia tatu na nane; elfu nne na sitini.
2. 58 + 67
3. 4,273 + 586 (mwandikie kwa mlalo, aipange wima mwenyewe)
4. 532 − 178
5. 5,003 − 1,647
6. Akaribishe 3,968 kwenye mia iliyo karibu.

Usimsahihishe wakati anafanya. Mwombe aseme kwa sauti kila anachofanya, nawe uandike maneno yake. Kosa likitokea mara moja, huenda ni kuteleza tu. Likijirudia mara tatu katika hesabu za aina moja, hiyo ni kanuni.

THAMANI YA NAFASI

Dalili: "mia tatu na nane" inaandikwa 3008

Sababu ya kawaida ni kwamba anaandika anavyosikia. Amesikia mia tatu, akaandika 300. Amesikia nane, akaibandika 8 mwishoni. Anazijua 300 na 8 vizuri. Asichojua ni kwamba sifuri mbili za 300 zimeshika nafasi tu, na mwenye nafasi akija, sifuri inampisha.

Ukaguzi: tazama alivyoandika "thelathini na nane". Akiwa ameandika 38, makumi yako salama na tatizo linaanzia kwenye mamia. Akiwa ameandika 308, rudi kwenye makumi na vitita kwanza, usiguse mamia.

Tiba ni kadi za kufunikana. Kata kadi ambazo kila tarakimu inachukua sentimita tatu: kadi ya 8 iwe na urefu wa sentimita 3, ya 80 sentimita 6, ya 300 sentimita 9, ya 3,000 sentimita 12. Weka 300 mezani, kisha ilaze 8 juu yake, kingo za kulia zikiwa sawa. Inasomeka 308. Sasa aunde 308, 380, 388, 3,008 na 3,080, akitaja kila mara ni sifuri ipi imefunikwa na ipi imebaki, na kwa nini. Baada ya siku chache ondoa kadi, umchoree visanduku vitatu au vinne tu vya kujaza. Visanduku navyo viondoke akishazoea.

Sababu ya pili ni msamiati. Mtoto anaisikia sita ndani ya sitini, saba ndani ya sabini, tisa ndani ya tisini. Lakini hasikii mbili ndani ya ishirini, wala tatu ndani ya thelathini, nne ndani ya arobaini, tano ndani ya hamsini, nane ndani ya themanini. Makosa yakiangukia kwenye hayo makumi matano peke yake, hesabu yake haina ugonjwa, majina hayajakaa. Kwa wiki moja au mbili mtajie namba kwa namna mbili pamoja: "thelathini na nane, makumi matatu na nane". Angalia pia kama anazichanganya thelathini na themanini, maana zinaanza na kwisha kwa sauti zilezile.

Dalili: 14 inakuwa 41

Katika Kiarabu au Kijerumani mamoja hutajwa kabla ya makumi, kwa hiyo huko jina lenyewe linaweza kumpotosha mwandishi. Kiswahili hutaja makumi kwanza, kama yanavyoandikwa, hivyo tafuta sababu kwingine. Mara nyingi mtoto amejua kwamba ndani yake mna 1 na 4, lakini mpangilio hauna maana kwake. Mwekee kitita kimoja na njiti nne kushoto, vitita vinne na njiti moja kulia, umwulize ipi ni 14. Akijibu sawa kwa njiti na akakosea kwa penseli, mchoree safu mbili zenye vichwa "makumi" na "mamoja" hadi mkono uzoee.

Dalili: "elfu kumi na tano" inaandikwa 10,005

Usikimbilie kuweka alama ya kosa. Hapa mwenye lawama ni lugha yenyewe: "elfu kumi na tano" inaweza kuwa 15,000 na inaweza kuwa 10,005, na hakuna aliyekosea. "Elfu mia tatu na tano" ni vivyo hivyo, 305,000 au 300,005. Unapotaja namba kwa ajili ya kuandikwa, ondoa utata: sema "kumi na tano elfu" kwa 15,000, na "elfu kumi, kisha tano" kwa 10,005. Kwenye malaki mambo ni mepesi zaidi. "Laki tatu na elfu tano" haina maana ya pili. Mfundishe mwanafunzi kuuliza akisikia namba ya aina hii. Kuuliza huko ni dalili ya uelewa.

Dalili: anasema 347 ina makumi manne tu

Jibu hili ni nusu sahihi, na ile nusu iliyokosekana ndiyo itakayomwangusha baadaye kwenye kutoa. Yako maswali matatu yanayofanana na majibu yake hayafanani:

– Tarakimu iliyo kwenye nafasi ya makumi ni ipi? 4.
– Thamani yake ni ngapi? 40.
– Ndani ya 347 mna makumi mangapi yote kwa jumla? 34.

Walimu wengi huuliza mawili ya kwanza na kuliacha la tatu. Kwa kuanzia tumia namba ndogo. Mpe njiti 134 zilizofungwa: mzigo mmoja wa mia, vitita vitatu, njiti nne. Mwulize ana vitita vingapi. Akisema vitatu, mwambie aufungue mzigo wa mia ahesabu tena. Atakuta kumi na tatu. Kisha aandike namba hiyohiyo kwa sura tofauti, na baadaye afanye hivyo kwa 347 bila njiti:

347 = mamia 3, makumi 4, mamoja 7
347 = makumi 34, mamoja 7
347 = mamia 3, makumi 3, mamoja 17
347 = mamia 2, makumi 14, mamoja 7

Mistari miwili ya mwisho ndiyo "kukopa" yote. Hakuna kitu kingine. Mwanafunzi anayeweza kuiandika hivyo bila kusita hujifunza kutoa kwa haraka. Asiyeweza atakariri kukatakata tarakimu bila kujua anakata nini. Ukiwa na muda wa kufanya jambo moja tu kati ya yote yaliyomo humu, lifanye hili.

Dalili nyingine mbili za haraka

Anasema 998 ni kubwa kuliko 1,002: anatazama ukubwa wa tarakimu badala ya idadi ya nafasi. Ahesabu tarakimu kwanza. Zikilingana kwa idadi, ndipo aanze kulinganisha kutoka kushoto.

Anahesabu 1,098, 1,099, 2,000: hajui kinachotokea tisa mbili zinapojaa kwa pamoja. Mhesabishe kuvuka mipaka tu, si namba za katikati: 1,097 hadi 1,103, 1,997 hadi 2,003, 9,997 hadi 10,003. Kisha kurudi nyuma kwa njia hiyohiyo. Kurudi nyuma ni kugumu zaidi na hufichua zaidi.

KUKARIBISHA NAMBA

Vitabu vingine huita kazi hii kukadiria. Humu kukaribisha ni kuipeleka namba kwenye kumi, mia au elfu iliyo karibu nayo. Kukadiria ni kukisia jibu la hesabu kwa kutumia namba zilizokaribishwa.

Karibu makosa yote ya hapa yana mzizi mmoja: mwanafunzi amefundishwa kanuni ya "tano na zaidi panda, chini ya tano shuka" kabla ya kuelewa kwamba anatafuta jirani. Ukaguzi mmoja unatosha. Mwulize: "3,968 iko kati ya mia ipi na mia ipi?" Akishindwa kusema 3,900 na 4,000, kanuni yoyote utakayompa haina pa kusimama.

43 inakuwa 30. Amesikia "shuka" akashusha 4 kuwa 3. Neno ndilo tatizo. Acha kusema panda na shuka, sema "iko karibu na 40 au na 50?"

4,319 kwenye mia inakuwa 4,400. Ametazama tarakimu ya mwisho, 9, badala ya ile inayofuata mara tu baada ya nafasi inayotakiwa. Apige mstari chini ya tarakimu ya mamia, 3, na azungushie duara moja tu, iliyo kulia kwake, 1. Zilizobaki azifunike kwa kidole. Jibu ni 4,300.

2,447 kwenye elfu inakuwa 3,000. Hili ni kosa la watoto wenye bidii. Amekaribisha kwa ngazi: 2,447 ikawa 2,450, ikawa 2,500, ikawa 3,000. Kila hatua ilikuwa sahihi, safari nzima imepotea, kwa sababu 2,447 haijafika 2,500, ambayo ndiyo nusu ya njia. Kukaribisha hufanywa mara moja tu, kutoka kwenye namba ya asili.

7,382 kwenye mia inakuwa 74. Tarakimu ni sahihi, nafasi zimetupwa. Mwulize tu kama 74 iko karibu na 7,382; ataona mwenyewe.

3,968 kwenye mia inakuwa 31,000, au 3,000. Tisa ndiyo inayomsumbua. Katika la kwanza ameandika 10 ndani ya nafasi ya mamia; katika la pili ameandika 0 akasahau kubeba. Tiba ni mstari wa namba wenye alama tatu: 3,900 kushoto, 4,000 kulia, 3,950 katikati. 3,968 imepita katikati, basi ni 4,000. Wengine watasita hapa kwa sababu jibu linafanana na la kukaribisha kwenye elfu. Waambie si kosa. 4,000 ni mamia arobaini kamili.

Namba iliyo katikati kabisa, kama 650 kwenye mia, haina jirani wa karibu zaidi. Shuleni tumekubaliana kwenda juu, 700. Ni makubaliano tu, na si ya kila mahali: lugha ya programu ya Python, toleo la 3, ukiiambia ikaribishe 2.5 hukupa 2, kwa sababu yenyewe namba ya katikati huipeleka kwenye namba shufwa. Mwanafunzi akikuuliza kwa nini 650 haishuki, mjibu kwa ukweli kwamba ingeweza.

KUJUMLISHA NA KUTOA: KWANZA SOMA UKUBWA WA KOSA

Kabla ya kutafuta safu iliyoharibika, toa jibu lake kwenye jibu sahihi (au kinyume chake) utazame tofauti.

– Katika kujumlisha, jibu likipungua kwa 10, 100 au 1,000 kamili, au mchanganyiko wake kama 110: hakubeba.
– Katika kutoa, jibu likizidi kwa 10, 100 au 110: alikopa bila kupunguza alikokopa.
– Tofauti ikigawanyika kwa 9: shuku tarakimu zilizobadilishana nafasi au namba iliyosogezwa safu moja. Mfano, 4,859 iliyonakiliwa 4,589 inatofautiana kwa 270, yaani 9 mara 30.
– Tofauti ya 1 au 2 kwenye safu moja tu: amehesabu vibaya jozi ndogo kama 8 + 7. Hilo ni la kukariri jozi za kujumlisha hadi 9 + 9, wala utaratibu wake hauna kasoro.

KUJUMLISHA

Dalili: 4,273 + 586 inatoa 10,133

Amepanga kuanzia kushoto, kama anavyoandika maneno:

4 2 7 3
5 8 6

Hapo 586 imegeuka kuwa 5,860. Tofauti ya jibu lake na lile sahihi, 4,859, ni 5,274, ambayo ni 586 mara 9 kamili. Alama ya namba iliyosogezwa safu moja ndiyo hiyo.

Sababu ya kawaida ni mazoea: hesabu zote alizopewa zilikuwa zimekwisha kupangwa. Mpe karatasi ya miraba, tarakimu moja kwa kila mraba, na kila hesabu mwandikie kwa mlalo ili kupanga kuwe sehemu ya kazi. Aanze kuandika namba ya pili kutoka mamoja kwenda kushoto. Sababu isiyo ya kawaida sana ni kwamba safu zake huanza sawa kisha zinapinda kadiri anavyoshuka. Miraba inatibu hiyo pia. Ukikosa karatasi ya miraba, geuza daftari la mistari upande, mistari iwe wima.

Mwanafunzi wa 45 + 3 = 75 ana ugonjwa huohuo. Wa 45 + 3 = 78 ana mwingine: anaamini kila safu lazima ipate kitu cha kujumlisha, basi 3 ameitumia mara mbili. Mwambie safu isiyo na mwenzake inashuka ilivyo.

Dalili: 58 + 67 haitoi 125

Jibu alilotoa ndilo linalokwambia tatizo.

1115: ameandika 15 yote chini ya mamoja, kisha 11 kushoto kwake. Kila safu kwake ni hesabu ndogo inayojitegemea. Rudi kwenye njiti: 8 na 7 zikikutana zinapita kumi, na njiti kumi haziruhusiwi kukaa huru bila kufungwa. Zifungwe, kitita kihamie upande wa makumi. Sheria ya kukumbuka ni kwamba nafasi moja hukaliwa na tarakimu moja.

115: amebeba kichwani akasahau. Kagua kama anaandika kile alichobeba. Wengi wanaona kuandika ni utoto. Mruhusu aandike, tena palepale juu ya safu inayofuata, kwa udogo, na aijumlishe kwanza kabla ya zile nyingine.

161: ameandika 1 akabeba 5. Anajua kitu fulani hubebwa ila hajui kipi. Mwulize, "kumi na tano: makumi ni mangapi?" Akijibu moja, mwambie hilo moja ndilo linaloondoka.

Dalili: namba mbili anaweza, namba tatu zinamshinda

78 + 69 + 87 ni 234. Akipata 224, amebeba 1 ambapo mamoja yalikuwa 24. Kwa hesabu za namba mbili kinachobebwa ni 1 siku zote, kwa hiyo amejifunza kwamba "kubeba" maana yake ni kuandika 1. Hesabu tatu au nne za namba tatu zitaivunja kanuni hiyo. Inafaa kuziingiza mapema, hata kama kitabu hakijafika.

KUTOA

Neno "kukopa" limezoeleka, lakini lina kasoro: anayekopa hurudisha, na hapa hakuna kinachorudishwa. "Kuvunja" ni bora zaidi, maana ndicho kinachotokea: mzigo mmoja wa mia unavunjwa kuwa vitita kumi, kitita kinavunjwa kuwa njiti kumi. Ukiona mwanafunzi anauliza "nilirudishe lini?", badilisha neno.

Dalili: 532 − 178 = 446

Ndogo kwenye kubwa, kila safu. Sababu ya kwanza: mahali fulani ameambiwa kwamba "ndogo haiwezi kutoa kubwa", akaitafsiri kuwa ruhusa ya kugeuza. Sababu ya pili: anaona kutoa kama kujumlisha, ambako mpangilio haudhuru.

Ukaguzi: mpe 2 − 8 peke yake, kisha 52 − 8. Akisema ya kwanza ni 6, mwekee njiti mbili mezani umwambie achukue nane. Hatapata. Kisha mwekee vitita vitano na njiti mbili, achukue nane. Mkono wenyewe utafungua kitita. Aandike alichofanya kwa hatua: makumi 5 na mamoja 2 yamekuwa makumi 4 na mamoja 12.

Kwa 532 − 178 yote:
Mamoja: 12 − 8 = 4, makumi yamebaki 2.
Makumi: 2 haitoshi kutoa 7; vunja mia moja, yanakuwa 12; 12 − 7 = 5, mamia yamebaki 4.
Mamia: 4 − 1 = 3.
Jibu 354.

Dalili: 532 − 178 = 464

Jibu limezidi kwa 110. Ameongeza kumi panapohitajika bila kupunguza moja kule ilikotoka, mara mbili. Kwa kawaida ni suala la mpangilio wa kazi: anaandika 12, anatoa upesi, anasahau kurudi. Badilisha mfuatano uwe kata kwanza, andika kilichobaki, ndipo uongeze kumi. Kama bado anasahau, avunje zote kwanza kuanzia kulia hadi kushoto, atazame kila safu kama inatosha, halafu ndipo aanze kutoa. Kuvunja na kutoa zikitenganishwa, kosa hili huisha kwa wengi.

Dalili: 654 − 23 = 31

Ameishia pale namba ya chini ilipokwisha. Aandike sifuri mahali pa mamia, 023, kwa siku chache. Zitaondoka zenyewe.

Dalili: anakwama penye sifuri

Hapa ndipo wanapoanguka hata wale wanaofanya vizuri kwingine, kwa hiyo tukae kidogo. Hesabu ya kupimia ni 5,003 − 1,647, na jibu ni 3,356. Majibu mabaya yanayotokea:

3,466: amekopa moja kwa moja kutoka 5, na kila sifuri aliyopita akaigeuza kuwa 10. Sifuri ilipaswa kuwa 10, kisha itoe moja kwa jirani na kubaki 9. Zidio la 110 ndilo linalomfichua.

3,646: amekopa kutoka 5 kwenda kwenye mamoja, sifuri akaziacha, halafu akasema 0 − 4 ni 4 na 0 − 6 ni 6.

3,006: vilevile, ila yeye anasema sifuri ukitoa chochote inabaki sifuri.

Wote watatu wanaiona sifuri kama "hakuna kitu", na hawawezi kukopa mahali pasipo na kitu. Sasa lirudie lile swali la tatu la thamani ya nafasi: ndani ya 5,003 mna makumi mangapi yote? Mia tano. Basi andika namba kama makumi 500 na mamoja 3. Vunja kumi moja: makumi 499 na mamoja 13.

499 | 13
164 | 7
335 | 6

Mkato mmoja tu, na zile tisa mbili zimejitokeza bila kukaririwa. Afunike 3 ya mwisho kwa kidole, asome 500, aitoe moja, aandike 499. Hesabu tano au sita hivi: 4,002 − 1,358, 7,000 − 2,463, 6,040 − 3,875, 10,001 − 4,726, 3,005 − 1,999.

Ya mwisho ni mtego wa makusudi. Kutoa 1,999 kwa kukatakata ni kujitesa. Toa 2,000 upate 1,005, kisha rudisha 1: 1,006. Mwanafunzi akiliona hilo mwenyewe, usimlazimishe kupanga wima.

Ziko njia mbili nyingine za penye sifuri. Punguza zote mbili kwa kiasi kilekile: 5,003 − 1,647 ni sawa na 4,999 − 1,643, na hapo hakuna cha kuvunja. Au panda kutoka chini: kutoka 1,647 ongeza 3 ufike 1,650, ongeza 50 ufike 1,700, ongeza 300 ufike 2,000, ongeza 3,003 ufike 5,003, jumla 3,356. Tahadhari: usimfundishe zote tatu wiki moja. Mtoto aliyechanganyikiwa akipewa njia tatu atatengeneza ya nne yake mwenyewe.

UHAKIKI

Kwa kutoa, ajumlishe jibu na namba ya chini: 354 + 178 lazima irudi 532. Ni ukaguzi bora kuliko kurudia hesabu, maana anayerudia hurudia na kosa lake. Kwa kujumlisha, akadirie kabla: 4,273 + 586 ni karibu 4,300 + 600, yaani 4,900, jibu la 10,133 halina hata haja ya kutazamwa.

Ile mbinu ya kutupa tisa, ya kujumlisha tarakimu za namba hadi ibaki tarakimu moja, ni nzuri lakini ina upofu. Kwa 58 + 67: 58 huwa 4 (5 + 8 = 13, kisha 1 + 3 = 4), 67 huwa 4, jibu linapaswa kuwa 8. 115 huwa 7, limekamatwa. Lakini 1115 huwa 8, na 161 huwa 8. Yote mawili yanapita kama halali. Makosa yanayogawanyika kwa 9 haiyaoni, na hayo ndiyo ya kubadilisha tarakimu na kusogeza safu. Itumie pamoja na kukadiria, kamwe isiwe peke yake.

WAKATI WA KUSIMAMA

Simama kwa leo ikiwa makosa yamepoteza utaratibu: hesabu ileile inatoa majibu tofauti kila mara, au ameanza kukosea alichopata nusu saa iliyopita. Huo ni uchovu. Kuendelea kutamfundisha kubahatisha.

Rudi ngazi moja nyuma ikiwa umetibu dalili moja kwa wiki mbili au tatu, dakika kumi na tano kila siku, na bado ipo. Kosa la kutoa mara nyingi mzizi wake uko kwenye thamani ya nafasi.

Mpeleke kwa mtaalamu, na uache kutibu mwenyewe, katika hali hizi:

Anakosea zaidi anaponakili kuliko anapohesabu, anapoteza mstari, anakunja macho au anasogeza uso karibu na karatasi. Apimwe macho kwanza, kabla ya kuzungumza chochote kuhusu hesabu.

Anaandika vizuri anaponakili na vibaya unapomtajia, hata namba ndogo. Apimwe masikio.

Baada ya miezi ya kufundishwa kwa upole na kwa vitu vya kushikika, bado hawezi kusema ipi kubwa kati ya 7 na 9 bila kuhesabu moja moja, au 4 + 3 anaianza upya kila siku kama hajawahi kuiona. Mwone mwalimu wa elimu maalumu au mwanasaikolojia wa elimu. Huenda ni diskalkulia, yaani ugumu wa kudumu wa kuelewa namba, lakini hilo huthibitishwa kwa vipimo vya mtaalamu; usimbandike jina hilo nyumbani, wala kumwita mvivu.

Anatetemeka, analia au kuumwa tumbo hesabu zikitajwa. Acha hesabu, zungumza na mwalimu wake na mshauri wa wanafunzi.

Na mtu yeyote, mkubwa au mdogo, aliyekuwa akiweza hesabu hizi kisha ghafla akashindwa, hasa baada ya kugongwa kichwa, au ikiandamana na kuchanganya maneno, ganzi upande mmoja wa mwili au maumivu makali ya kichwa: huyo ni wa hospitali, mara moja.